Cherehani ya Namba Tasa

Redio ilipomtangaza Keji kuwa tasa, alikuwa na pini mdomoni na hakuweza kutukana. Baadaye hilo lilimuuma kuliko mengine yote, kwamba tusi kubwa namna ile lilimkuta mdomo umejaa.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, saa ambayo mji wa Koboko husikiliza ile redio ya mji jirani wa Arua, na katika mtaa wa mafundi redio moja ikifunguliwa hakuna haja ya ya pili. Kipindi kiliitwa Namba Yako. Mwendeshaji wake, Mwalimu Swadiki, alikuwa mzaliwa wa Arua aliyesomea ualimu Mwanza, na alirudi kutoka huko na Kiswahili kilichopigwa pasi. Wasikilizaji walimtumia namba yoyote kubwa waliyoipenda, akakaa nayo wiki nzima, kisha akawaeleza hewani tabia yake. Ni yeye aliyewafundisha watu kwamba sita ni namba kamili, maana vigawo vyake vidogo, moja na mbili na tatu, ukivijumlisha unapata sita ileile. Nane ni pungufu, kwa kuwa moja na mbili na nne hazifiki. Kumi na mbili vigawo vyake vinazidi hadi kumwagika. Wauza mihogo wa Ludara walikuwa wakibishana sokoni kama ishirini na nane ni kamili au siyo, na ubishi huo ulimfurahisha Mwalimu kuliko mshahara, ambao nao ulikuwa pungufu.

Keji alikipenda kipindi hicho kuliko kwaya. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa Yei, Sudani Kusini, aliyevuka mpaka mwaka wa vita vile vya 2016, na kichwa chake kilikubali hesabu kama vile vingine vinavyokubali nyimbo. Kwa hiyo alituma namba iliyogongwa kwenye kibati cha cherehani yake: 1,022,117. Alikuwa akiiangalia kila siku akishona na alitaka kujua ni mtu wa namna gani.

"Sasa tuje kwa dada Keji, fundi wa Koboko," Mwalimu alisema Jumapili hiyo. "Milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba. Ni witiri, basi mbili haiigawi. Tarakimu zake zikijumlishwa ni kumi na nne, basi tatu haiiwezi, wala tisa. Haiishii na sifuri wala na tano. Ukiigawa kwa saba inabaki tano, kwa kumi na moja inabaki nane, kwa kumi na tatu inabaki tano. Nimeendelea hivyo hivyo, ndugu zangu, nikajaribu kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja, nazo ni mia moja sitini na nane, na hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Kwa hiyo tangazeni huko mliko: ya Keji wa Koboko ni tasa. Tena, kama tasa zote, ni pungufu."

Kisha akapiga muziki, mtu yule, kana kwamba hakufanya kitu.

Kiswahili cha Koboko ni cha jeshi na cha soko. Kina maneno ya kununua, ya kufukuza, ya kusalimia na ya kuapa, lakini tasa si neno la soko. Watu walilijua kutoka kanisani tu, katika habari za wale wake wa zamani waliozeeka wakimlilia Mungu awape mtoto. Mwalimu Swadiki alikuwa amekwisha kueleza, vipindi vingi nyuma, kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa kitu chochote ila moja na yenyewe. Lakini nani husikiliza maelezo? Watu walisikia jina la mwanamke, wakasikia tasa, wakasikia pungufu. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameolewa miaka mingi na mlangoni kwake hapakuwa na kiatu cha mtoto. Mtaani kote cherehani za majirani zilisimama.

Wa kwanza kuingia alikuwa Régine, Mkongomani aliyeuza vitenge mlango wa pili, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona.

"Keji, batu beko nasema redio imekutukana."

Keji alitema pini kiganjani. "Nimesikia. Mimi sio kiziwi."

"Mi nasema huyu mwalimu hana akili. Namba ya mashini inazaa wapi? Ulishaona mashini iko na mimba?" Régine aliketi juu ya furushi la nguo bila kukaribishwa, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na Keji naye akacheka kidogo, maana ilikuwa ama acheke ama alie. Lakini alijua kwamba kicheko hakitafika mbali.

Hakikufika. Siku zilizofuata wanawake walianza kuja kuchukua milaya zao, yale mashuka ya maua ya kutariziwa ambayo bibi harusi wa Sudani Kusini haendi kwa mume bila kuwa nayo. Keji ndiye aliyeyapinda kingo kwa Koboko nzima. Sasa mama wa bibi harusi mmoja alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akaomba shuka la binti yake kabla halijapindwa. "Si wewe, dada," alisema. "Ni mashini tu." Wengine walituma mtu na salamu nyingi. Hakuna aliyemwambia ubaya wowote usoni, na hilo lilimchukiza Keji zaidi, kwa sababu tusi la wazi linajibika lakini huruma huna pa kuishikia.

Yeye na mumewe Santo walikuwa na jambo walilolijua wawili tu. Miaka kadhaa nyuma Keji alitokwa damu huko Arua mpaka madaktari wakamtoa kizazi ili abaki hai. Alipozinduka Santo alikuwa kando ya kitanda, analia, na akamwomba jambo moja: asimwambie mama yake. Mama alikuwa ameacha makaburi mengi Yei, hilo lisubiri kidogo, atazoea polepole. Keji hakuwa na nguvu ya kubishana, akakubali. Ikawa kidogo ya mwaka, kisha ya miaka. Mama mkwe aliendelea kuomba, akaanza kuchemsha mizizi na kumletea kwenye kikombe cha bati, akasimama pale mpaka imalizike. Keji alimeza dawa chungu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwamo tena mwilini mwake. Alichukia ile dawa, na siku nyingine alimchukia Santo.

Alhamisi mama mkwe alikuja, Mama Tongun, pamoja na mwanawe mkubwa Tongun mwenyewe. Walikuwa wametoka Ludara walikokodi shamba, na walikuja na nyuso za watu walioleta habari njema.

"Keji, mimi hapana kasirika na wewe," Mama Tongun alisema alipokwisha kunywa maji. "Miaka yote mimi nauliza Mungu, shida iko wapi. Sasa amejibu. Shida haiko kwa wewe. Iko kwa hii kitu." Alinyoosha kidole kwenye cherehani bila kuigusa. "Wewe nakaa na yeye mchana yote, tumbo yako mbele yake. Namba yake iko tasa. Imefunga wewe."

"Mama, ile ni hesabu. Namba yote iko na jina."

"Kwa nini jina yake iko hiyo? Hakuna jina ingine?"

Swali lilikuwa zuri. Tongun alikohoa kuonyesha kwamba sasa ni zamu ya wanaume.

"Mimi nimepata mtu ngambo ya Kongo, anataka mashini. Huko hapana sikia redio ya Arua. Jumamosi watu wa maombi nakuja hapa, wanaomba, halafu mimi nabeba. Santo amekubali."

Keji alimgeukia mumewe. Santo alikuwa ameshika kigurudumu cha uzi, anakizungusha kana kwamba amepewa kazi ya kutafuta mwisho wake. Alikuwa mtu mpole na watu wote walimsifu kwa upole huo. Keji alikuwa amegundua kwamba upole wa mume ni mke anayeulipia.

"Santo, sema kitu."

"Mama yeye nataka kitu mzuri tu," Santo alikiambia kigurudumu.

Cherehani ile haikuwa ya Tongun kuibeba wala ya Santo kuikubalia. Keji alikuwa ameinunua mwenyewe Yei kabla ya harusi. Walipokimbia, meza yake ilibaki, lakini kichwa chake cha chuma alikifunga mgongoni kwa kitenge, akatembea nacho porini mpaka Oraba, mpakani. Njiani watu walimpisha wakidhani ni mtoto, na mzee mmoja alimpa maji yake ya mwisho kwa ajili ya huyo mtoto. Keji aliyanywa na hakusema kitu. Walipofika Koboko chuma hicho ndicho kilichowalisha wote, Tongun pamoja na wake zake wawili.

"Mashini hapana kwenda," alisema.

Macho ya Mama Tongun yalijaa maji. "Wewe nataka mashini kuliko mtoto?"

Jibu lilikuwa tayari kooni, maneno machache tu. Lakini macho ya Santo yalinyanyuka kutoka kwenye uzi na kumwomba, kama yalivyoomba kando ya kile kitanda, na Keji akanyamaza. Wakwe waliondoka wakiamini wameshinda. Keji alibaki akijichukia kwa ule unyamavu, na hasira hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya redio.

Kesho yake alifunga duka akaenda Arua.

Studio ilikuwa juu ya duka la vipuri, na Mwalimu Swadiki alikutwa kwenye ngazi akila chapati. Alikuwa kijana kuliko sauti yake, mwembamba, shati limeingia chaki. Alipoambiwa ni Keji wa Koboko aliyekuja, uso wake uling'aa.

"Dada Keji! Namba yako nzuri sana ile."

"Wewe ndiyo ulisema mimi tasa."

Chapati ilisimama njiani. "Mimi? Hapana, dada. Nilisema namba yako ni tasa."

"Watu hapana sikia namba. Watu wamesikia Keji." Akamweleza yote akiwa amesimama ngazi ya chini yake, milaya zilizorudishwa, maombi, mnunuzi wa ng'ambo. Mwalimu aliposikia habari ya Jumamosi aliketi kwenye ngazi, akaweka chapati juu ya goti.

"Sasa wewe nafungua redio," Keji alimaliza, "unasema ulikosea. Unasema iko na watoto, kumi, ishirini, mimi sijali. Sema tu."

"Dada, sitaweza. Namba haiwezi kupewa vigawo kwa huruma." Alisema kwa upole lakini alisema. "Nikuonyeshe kitu. Chukua kumi na mbili. Ivunje, utapata mbili, na mbili, na tatu. Chukua sitini, utapata mbili na mbili na tatu na tano. Kila namba ukiivunja mpaka usiweze tena, unachokuta chini kabisa ni tasa. Hizo ndizo zinazojenga nyingine zote. Zenyewe hazijengwi na mtu. Kwetu sisi hakuna namba yenye heshima kama tasa, na watu wamezitafuta tangu zamani."

"Kama iko na heshima, kwa nini nyinyi nawaita hivyo?"

"Sijui aliyezibatiza," Mwalimu alikiri.

"Mimi najua. Alikuwa mwanaume." Keji aliiangalia chapati iliyopoa. "Mwanamke angesema, hii iko ngumu, hapana mtu wa kugawa yeye. Angeacha tumbo ya watu."

Swadiki hakucheka, na kwa hilo Keji alimpenda kidogo. Aliahidi kwamba angalau atarudia hesabu yote kabla ya Jumapili, kwa heshima yake, ingawa hakutarajia kitu. Keji alimwachia maelekezo ya duka lake, akashuka.

Barabara ya kurudi Koboko ni nzuri siku hizi na mtu ana nafasi ya kufikiri. Kufika Aroi hasira yake kwa mwalimu ilikuwa imekwisha, na alijaribu kuirudisha lakini haikurudi. Mtu yule alikuwa amesema kweli, kwa jina alilolikuta. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Yeye, Keji, alikuwa amepanda ngazi za watu kuomba atangaziwe uongo, wakati nyumbani kulikuwa na uongo mwingine aliokuwa ameumeza kwa kikombe cha bati miaka yote hiyo. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Sawa, hakumchagulia. Lakini nani aliyesema ni lazima tusi lenyewe liwe la uongo ndipo mtu asimame wima?

Jumamosi walikuja wengi, wanawake wa maombi na vitambaa vyeupe kichwani, Mama Tongun mbele, Tongun nyuma na kamba ya katani na kijana wa bodaboda aliyeambiwa kuna mzigo. Majirani walijipanga ukutani. Santo alisimama kando ya mlango wa duka, upande ambao mtu angeweza kudhani yumo au hayumo.

Keji alikuwa ameketi mbele ya cherehani, miguu kwenye pedali.

"Mama..." alianza kiongozi wa maombi, kisha akakumbuka kwamba hakuna jina la mtoto la kuongezea, akaona haya. "Dada, simama, tutoe hii kitu nje, tuombe."

"Ombeni. Mimi iko na kazi."

"Hapana shona wakati ya maombi."

"Basi hapana omba wakati ya kushona," Keji alisema, akakanyaga.

Waliimba. Keji alipinda kingo za shuka lake mwenyewe, kwa kuwa la mtu mwingine halikuwapo. Kila wimbo ulipopanda naye aliongeza mwendo, na mashine ile kuukuu ilikuwa na kelele za kutosha. Mpiga ngoma alianza kufuata mapigo ya sindano bila kujijua, wimbo ukaharakisha, wazee wakaishiwa pumzi katikati ya beti. Régine alikuwa mlangoni kwake, ngumi kinywani, machozi yakimtoka kwa kucheka. Tongun alichoka kusubiri Roho Mtakatifu, akasogea na kamba yake.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Pikipiki ilifunga breki mbele ya duka na Mwalimu Swadiki akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Samahani, ndugu zangu," alisema kwa ile sauti ambayo kila mtu pale aliijua, na watu wakanyamaza kwa mshtuko wa kuiona ikiwa na miguu. "Mimi ndiye wa redio. Nimekosea. Nimeshindwa kungoja Jumapili."

Aliongea haraka, akimtazama Keji, kana kwamba wale wengine walikuwa ukuta. Ili kujua kama namba ni tasa, alisema, unajaribu vigawo mpaka ufike kwenye kile ambacho kikizidishwa kwa chenyewe kinaipita namba yako. Elfu mara elfu ni milioni, naye kwa uvivu akaishia elfu, akasahau kwamba namba ya Keji inaipita milioni kwa zaidi ya elfu ishirini na mbili. Ya mwisho aliyoijaribu ilikuwa 997. Tasa inayofuata ni 1009. Alikuwa ameacha moja tu.

"Usiku wa jana nikazidisha 1011 kwa 1011," alisema. "Nikapata 1,022,121. Inazidi namba yako kwa nne, dada! Na nne ni mbili mara mbili. Basi kwenye 1011, huku unatoa mbili, kule unaongeza mbili, kila kitu kinafunguka. Elfu moja na tisa mara elfu moja na kumi na tatu, bila baki. Namba yako si tasa. Bado ni pungufu, maana ukivijumlisha vigawo vyake vidogo hupati zaidi ya 2023, lakini tasa si tasa. Ina viwili ndani yake."

Watu hawakuelewa kutoa wala kuongeza. Walielewa viwili ndani yake.

"Wawili," alisema Mama Tongun.

"Ndiyo, mama. Viwili."

"Wawili!" Akapiga kigelegele cha mtu aliyekisubiri miaka, na wanawake wote wakakipokea. "Mapacha! Mungu amefungua! Iko na wawili ndani!" Walicheza kuizunguka cherehani, waligusa kibati chake, mmoja akakibusu. Mama wa bibi harusi aliyekuwa amechukua milaya yake alisema palepale kwamba Jumatatu atairudisha. Tongun, ambaye hakupenda kubaki nyuma ya Mungu, alikunja kamba akamwambia kijana wa bodaboda hakuna mzigo. Swadiki aliwaangalia kwa hofu. Alikuja kurekebisha kosa na sasa alikuwa ametabiri mapacha.

Santo alisogea akainama sikioni mwa mkewe. Alikuwa anatabasamu. "Umeona?" alinong'ona. "Imeisha. Nyamaza tu."

Na kweli ilikuwa imeisha. Keji aliona yote kwa mara moja, cherehani imebaki, milaya zimerudi, mkwe ana furaha, mtaa umesahau. Aliona pia kikombe cha bati, mara mbili sasa, kwa sababu ya mapacha. Aliona Mama Tongun akihesabu miezi, na akiishiwa miezi, na akitafuta kitu kingine chumbani cha kulaumu. Aliondoa miguu kwenye pedali.

"Mama, kaa chini."

Ilikuwa sauti ambayo mkaza mwana hamtolei mkwe, na Mama Tongun alikaa kwa kushangaa tu. Ngoma ilikoma.

"Namba ya mashini haikuwa tasa. Nafurahi. Lakini mimi iko tasa." Alisema bila kuinamisha kichwa. "Kule Arua wakati nilimwaga damu, daktari alitoa kizazi yangu. Yote. Hakuna mtoto, hakuna wawili, hakuna mmoja. Santo anajua."

Mama Tongun alimtazama mwanawe mdogo, na Santo, ambaye angeweza bado kuangalia uzi, hakuuangalia.

"Ni kweli, Mama. Mimi ndiyo nilimwambia anyamaze."

"Kutoka lini?" mama aliuliza, si Santo bali Keji.

"Kutoka kabla ya ile dawa yako ya kwanza."

"Na wewe ulikunywa."

"Nilikunywa yote, Mama. Mimi nimechoka kunywa."

Mwanamke mzee aliweka mikono kwenye magoti na uso wake ukazeeka mbele yao. Keji alimhurumia, lakini hakulifuta neno lake hata moja. Tongun ndiye aliyepata sauti kwanza, akaifungua tena ile kamba.

"Basi mashini nakwenda. Mambo iko palepale."

"Kwa kosa gani?" Keji alisimama. "Wewe ulikuja kutoa tasa. Mwalimu amesema mashini haiko tasa, nyinyi wote mmecheza, mmebusu yeye. Sasa tasa iko hapa." Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele ya kamba. "Funga. Beba mimi. Ambia mtu wako wa Kongo bei gani."

Kamba ilining'inia. Tongun aliiangalia mikono ile, yenye makovu ya sindano kwenye vidole, akatazama huku na huku atafute mtu wa kumwambia asiifunge. Hakumpata. Régine tu ndiye aliyekuwa amesogea mpaka mlangoni, mpana kama mlango, na hakuwa anacheka. Kijana wa bodaboda aliwasha pikipiki yake akaondoka, maana hakukubaliana kubeba mke wa mtu. Tongun aliitupa kamba chini akatoka nje, na wanawake wa maombi wakaanza kufungua vitambaa vyao kimyakimya.

Swadiki alibaki amesimama na kofia mkononi. "Dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "kesho niseme nini hewani?"

"Sema ulikosea namba. Sema zile mbili zake, watu wajue." Keji aliketi, akapitisha uzi kwenye sindano kwa mara moja, bila kuulamba. "Halafu sema Keji, fundi wa Koboko, yeye iko tasa, na Jumatatu anafungua duka. Taja jina vizuri."

"Niseme hivyo hivyo? Tasa?"

"Hivyo."

Mama Tongun alikuwa bado ameketi palepale alipoambiwa akae. Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa cheupe. "Na mimi," alisema, "watu ya Ludara wakiuliza mimi, nitaambia wao nini?"

Keji alikanyaga pedali, sindano ikaanza kushuka kwenye kitambaa.

"Ambia wao wafungue redio."